Siku moja maishani mwangu: mgombea, kampuni ya taka na ukurasa wa mbele

Saa 12 asubuhi. Kimara Mwisho, kabla sijapanda mwendokasi, napita kwenye meza ya magazeti. Watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari, wachache wananunua. Mimi ni mhariri wa dawati la siasa, na najua wengi wao watamfahamu mgombea kwa hayo maneno matano tu ya wino mwekundu. Gazeti moja leo linasema: "Mgombea alivyovuna mamilioni ya taka." Jingine, habari hiyohiyo: "Njama za kumchafua mgombea zaiva." Nanunua yote mawili, nayasoma hadi Kariakoo. Hakuna lililoeleza zabuni ilitolewa lini, wala nani aliitoa.

Saa 3. Kikao cha asubuhi. Nasi tunayo stori ya mgombea huyohuyo wa ubunge. Mwandishi wetu kijana ameandika kuhusu "kampuni inayohusishwa naye" iliyopewa kazi ya kuzoa taka za masoko ya manispaa. Nani anaihusisha? "Dada, mbona kila mtu anajua," ananijibu. Namwambia avute kiti.

Saa 4 hadi saa 7. Hapa ndipo siku yangu ilipoliwa, na sijutii. Tulianza Brela, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwenye taarifa za usajili: wanahisa, wakurugenzi, tarehe. Mgombea aliwahi kuwa na hisa, akazihamisha. Kaka yake bado ni mkurugenzi. Tukaenda NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023, tukaona tarehe kampuni ilipopewa zabuni. Wakati huo mgombea alikuwa diwani wa manispaa hiyohiyo.

Kijana akaruka: "Basi alijipa mwenyewe!" Hapana. Madiwani hawatoi zabuni. Zabuni hupita kwa bodi ya zabuni na mkurugenzi wa manispaa. Ila baraza la madiwani ndilo linaloisimamia manispaa, na diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa anatakiwa kuyatamka. Kwa hiyo swali letu likawa dogo na zito zaidi: mkataba ulipojadiliwa barazani, alitamka? Jibu limo kwenye mihtasari ya vikao, si kwenye mdomo wa mpinzani wake. Nikamtuma akaiombe.

Kisha nikauliza dawati zima: mpinzani wake ana biashara gani? Kimya. Baadaye mmoja akasema ana vituo vya mafuta na malori. Wiki zote hizi za kampeni, hakuna chumba cha habari ninachokijua kilichokwenda kutazama usajili wa hivyo vituo. Upendeleo ninaoupiga vita ndio huu. Kila sentensi kuhusu mgombea wa kwanza inaweza kuwa ya kweli, na bado msomaji akadhulumiwa, kwa sababu taa imemulikwa upande mmoja.

Saa 8. Wali maharage kwa mama ntilie. Kijana anauliza kwa nini biashara ya mwanasiasa inatuumiza kichwa namna hii. Namsimulia Azimio la Arusha la 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni yoyote, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na jinsi CCM ilivyoyalegeza masharti hayo kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Tukafika Richmond, sakata la kampuni iliyopewa mkataba wa kuzalisha umeme. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge chini ya Dk Harrison Mwakyembe, akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza. Chadema walimshambulia kwa miaka; Julai 2015 akahamia kwao, akawa mgombea wao wa urais. Wanasiasa waligeuka, sawa, ni siasa. Mkataba wa umeme wa megawati 100 ulibaki ulivyokuwa. Mwandishi anayeshika nyaraka hana haja ya kugeuka nao.

Saa 10. Simu mbili. Msaidizi wa mgombea anataka tuisubirishe stori, na anagusia "nauli ya vijana." Nimemkatalia, nikamjulisha mhariri mkuu. Ya pili imetoka ndani ya nyumba: watu wa matangazo wanakumbusha kwamba kambi ya mpinzani imenunua ukurasa mzima Jumapili. Nimejibu kwamba maswali ya vituo vya mafuta nimeshayatuma.

Saa 12 jioni. Mgombea amejibu, na mihtasari imepatikana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alitamka maslahi. Yeye anasema alishajiondoa kwenye kampuni, hivyo hakuwa na la kutamka. Tumebishana sana juu ya jibu hilo likae wapi. Kulisukuma hadi aya ya mwisho, ambayo msanifu huikata nafasi ikibana, ni sawa na kutolichapa. Limekaa aya ya pili. Kichwa: "Kampuni ya kaka wa mgombea ilizoa taka za manispaa akiwa diwani." Mhariri mkuu amekiona kirefu na kimepoa. Amekipitisha.

Saa 3 usiku. Ukurasa umekwenda mtamboni. Kambi ya mpinzani wameandika kwamba watatujibu baada ya uchaguzi. Nimewarudishia maswali yaleyale, nimewapa hadi kesho saa 8 mchana, na nimempangia kijana kuanza na usajili wa malori asubuhi.