Mama na kisima cha punda

Mwaka 2018 mamangu alikuja kunitembelea Ujerumani akitokea Lamu, na ile viza ya Schengen vile tulivyoihangaikia nkasema haiwezi kuishia kwenye sofa yangu tu, nkalipia safari ya siku tano Italia, zile za kikundi, mnapakiwa basi moja halafu mtembeza wageni anatangulia na mwavuli juu nyinyi nyuma kama vifaranga. Mama akasikia wenzetu wanamwita "guide" basi naye akawa anamwita gaidi, kwa sauti, tena airport, nikamwambia mama tafadhali neno hilo hapa usilitaje.

Roma alivumilia. Kila mtu alipewa kidude cha sikioni lakini maelezo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo mimi ndo nilikuwa redio yake, bado sijamaliza papa mmoja ashakuja mwingine. Jioni akaniuliza, "Mwanangu, kwani hawa watu walikuwa wakikaa wapi? Mbona ni makanisa matupu?" Na chakula nacho mtihani, kila sahani unaangalia kwanza kama kuna nguruwe, akabaki na tambi za nyanya na mkate, na mkate wenyewe hauna chumvi, nkadhani wamesahau kumbe huko Umbria na Toscana ndivyo wanavyooka. Akawa anaunyunyizia chumvi mezani huku anatikisa kichwa.

Siku ya pili tukaenda Orvieto. Mji uko juu ya jabali, basi linabaki chini karibu na stesheni ya treni, nyinyi mnapandishwa na kigari cha kamba. Ukishuka tu pale juu, hatua chache, kuna kisima wanakiita Pozzo di San Patrizio. Mama alitaka kukaa kwenye benchi anisubiri, magoti, miaka 67. Nkamwambia gaidi anasema kilijengewa punda. Akasimama.

Hadithi yenyewe ni kwamba mwaka 1527 wanajeshi wa mfalme Charles V waliivamia Roma wakaipora, Papa Clement VII akakimbilia Orvieto, na akaogopa wakizingirwa huko juu watakufa kwa kiu. Akamwagiza fundi mjenzi Antonio da Sangallo achimbe kisima. Kikaisha 1537, papa mwenyewe ashakufa. Kina chake ni mita hamsini na kitu, na kuzunguka lile shimo kuna ngazi mbili zimejisokota moja juu ya nyingine, kila moja vidato 248, lakini hazikutani njiani. Punda anashuka na mapipa matupu kwa hii, chini anavuka kijidaraja, anapanda na maji kwa ile nyingine.

Nilivyomaliza kumtafsiria mama alinyamaza kidogo halafu akasema, "Huyu fundi yuwamjua punda." Akanionyesha vidato, vipana na vifupi, punda mwenye mzigo hawezi kuinua mguu juu sana. Mimi nilikuwa naona ngazi tu. Akaanza kunikumbusha vichochoro vyetu, punda wawili wakikutana na mawe ya kujengea mgongoni mmoja lazima arudi kinyumenyume, ugomvi, matusi, mzigo chini, na hapa watu walishamaliza kesi hiyo miaka karibu 500 nyuma. Yaani tuligeuza kazi, sasa yeye ndo anaeleza, na wazee wawili Wadachi wa kikundi chetu wakasogea wakitaka niwatafsirie wao.

Njia nzima kuna madirisha yanayoangalia shimoni, kama 70 hivi, unawaona wanaopanda upande wa pili. Chini baridi, na majini sarafu zimejaa. Akauliza nani kazitupa, nkasema watalii, bahati. "Kisimani?" Hakuongeza neno.

Kupanda sasa. Alipumzika kila dirisha la tatu, sikumharakisha, ingawa najua saa ya kukutana ishapita. Karibu na juu tukakuta kundi la vijana wamesimama wanajipiga selfi wameziba ngazi yote. Mama hana "scusi" wala "sorry", akavuta pumzi akapiga ile ya sokoni kwetu: "Simile! Simileee!" Ile sauti ikazunguka shimo lote ikarudi. Walibanana ukutani wote kwa mpigo, hakuna aliyehitaji redio.

Tulichelewa dakika ishirini na tano, mtembeza wageni kanuna, na haki yake. Duomo la Orvieto, yaani kanisa kuu lao, lile lenye dhahabu usoni, lililoanzwa 1290, tulilipitia mbiombio.

Usiku hotelini nkamsikia anamrekodia mjomba voisi ya WhatsApp, dakika sita nzima, ngazi, madirisha, vidato, kijidaraja, kanisa hata moja hakulitaja. Mjomba akajibu asubuhi kwa swali moja: sasa hao punda wenyewe mmewaona?