Nyumba ya shangazi na hesabu za Janet Norwood

Juma hili nimezama katika habari za Janet Norwood, mama wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2015. Aliingia Ofisi ya Takwimu za Kazi, inayopima bei na ajira Marekani, mwaka 1963, na mwaka 1979 Rais Carter akamteua kamishna, yaani mkuu wa ofisi hiyo. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekikalia kiti kile. Reagan, wa chama pinzani, akamwongezea muhula mara mbili. Alitoka 1991.

Kilichoninasa ni suala la nyumba. Zamani fahirisi ya bei ya Marekani, yaani kipimo cha kupanda kwa gharama za maisha, ilihesabu bei ya kununua nyumba pamoja na riba ya mkopo, kana kwamba nyumba ni kilo ya sukari. Riba ikipanda, mfumuko wa bei unaruka, hata kwa asiyenunua wala kukopa. Tena malipo ya wazee waliostaafu yalifungamana na mfumuko huo, kwa hiyo kugusa hesabu ile ni kuchokoza nyuki. Ofisi yake ikaigusa. Kuanzia 1983, mwenye nyumba akawa anahesabiwa kwa kodi ambayo nyumba yake ingeleta lau angeipangisha.

Nikamjaribu shangazi. Nyumba yake iko Mkomani, mtaa wa Lamu, ya mawe ya matumbawe, zidaka zingali ukutani. Wageni wamepandisha bei mtaani hadi madalali hawaishi kubisha hodi.

“Shangazi, ungeipangisha hii, ungetaka shilingi ngapi kwa mwezi?”

“Nimpangishe nani? Na mimi nikalale wapi?”

Nikamwambia akisie tu. Akaitazama dari ya boriti, akataja kiasi ambacho dalali angekicheka. Kukisia kuna kasoro zake, hasa kwa nyumba ya urithi, lakini naona Norwood alikuwa na haki. Bei ya dalali ikipaa, shangazi hapungukiwi na kitu. Kinachomuumiza ni samaki na nazi.

Halafu kuna ule mdomo mzito wa Norwood. Mwaka 1971, kabla hajawa kamishna, serikali ya Nixon ilifuta mikutano ya wataalamu wa ofisi hiyo na waandishi wa habari, baada ya mmoja wa wataalamu hao kutolitilia uzito badiliko la ukosefu wa ajira ambalo waziri alikuwa akilisifu. Norwood alifika mbele ya kamati ya uchumi ya Bunge zaidi ya mara 100, huku wanasiasa wakitaka aseme hali ni njema au mbaya. Alieleza namba imepatikanaje na ina mipaka gani. Basi.

Sensa ya 2019 iliipa kaunti ya Lamu watu 143,920, kutoka 101,539 mwaka 2009. Barazani ubishi ukawaka: wenyeji wangapi, waliohamia wangapi, kura zitaangukia wapi. Ningetamani kumwona Norwood amekaa pale akiulizwa na wazee wetu. Mimi kazi hiyo singeiweza. Kabla kikombe cha kwanza cha kahawa hakijesha, ningeshataja upande wangu.