Siku Wadi Iliposhuka

Muulize yeyote Oman ni lini uende kutembea mlima wa Jebel Shams na korongo lake, atakwambia Desemba. Labda Januari, labda Februari mwanzoni, ilimradi uwahi kabla joto halijarudi. Nyumbani kwa Ami, pale Nizwa, safari ya korongoni ilikuwa shughuli ya msimu wa baridi: masweta yanatolewa sandukuni, chupa ya chai ya tangawizi inajazwa, watoto wanajikunyata nyuma ya gari. Kwa hiyo Agosti ile Ami aliposema, "Jumamosi twende Sab," mkewe, Mama Mkubwa, aliacha kumenya vitunguu.

"Kwa jua hili?"

"Kule juu hakuna jua hili."

Hilo lilikuwa kweli. Nizwa kiangazi hupita digrii 40 bila kumtaka mtu radhi, lakini njia ya Sab, kijiji cha zamani kule korongoni, iko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huko asubuhi unaweza kutembea na shati likabaki kavu. Mama Mkubwa alijua hayo. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa kingine, ila hakukitaja, kwa kuwa kwao hawapendi kuutangulia msiba kwa mdomo.

Ami ni kaka wa baba yangu. Alizaliwa Unguja, akaondoka mtoto baada ya Mapinduzi ya 1964, akafika Oman miaka ya 1970, wakati Sultan Qaboos alipokwisha kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Hadi leo majirani humcheka lafudhi yake ya Kiarabu. Mimi nilikwenda Muscat kutafuta kazi, nikaipata, na kila nilipopata nafasi nilipanda kwake Nizwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea milimani, na alinifundisha akiwa amevaa makubadhi, bakora mkononi, kanzu ameikunja kiunoni.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, mimi, Ami na binti yake. Tukapita Al Hamra, tukapita magofu ya kijiji cha zamani cha Ghul yaliyogandamana na mlima, kisha tukaanza kupanda. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa Al Khitaym, kitongoji cha nyumba chache ambako njia inaanzia. Msimu wa baridi kina mama na watoto wa pale hukuzunguka na vikuku vya sufu na vijizulia vya singa za mbuzi kabla hujafunga mlango wa gari. Agosti alikuja mbuzi mmoja tu, akala risiti ya petroli iliyodondoka miguuni kwa binamu yangu, akaenda zake.

Jebel Shams ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, kiasi cha mita 3,000 kileleni, na ubavuni mwake limepasuka korongo la Wadi Nakhr. Ukingoni ukitazama chini, kitanda cha mto kiko kama kilomita nzima chini ya viatu vyako. Njia yenyewe si ngumu. Ilikuwa njia ya punda, na punda hapendi kupanda bure. Inafuata kidato kilichokatika kwenye ukuta wa korongo, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu, na mawe yamepakwa alama za njano, nyeupe na nyekundu ili mgeni asipotee. Kando yake kuna mizeituni mwitu na mitarakwa iliyopindapinda, jamaa wa ile inayoota Usambara, ila ya huku ina sura ya mtu aliyefunga mwaka mzima.

Katikati ya safari Ami alisimama kama kawaida yake mbele ya jiwe moja la chokaa. Milima hii ilijengeka chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, na ukiikaribia utaona. Jiwe lile lilikuwa na duara la kombe, saizi ya sarafu, mistari yake bado inahesabika. Alilipangusa vumbi kwa kidole gumba.

"Na huyu naye kahama pwani," akasema. "Ila yeye hakuombwa pasipoti."

Kila mwaka mzaha uleule. Binamu yangu alikwisha kumpita zamani.

Saa mbili na nusu tukafika Sab. Hakuna anayeishi pale tena. Nyumba zimejengwa chini ya mwamba uliojitokeza mbele kama baraza, mawe na udongo, milango mifupi hata mtoto ainame, na mbele yake matuta ya ngazi yaliyolimwa hadi mwisho kabisa wa ardhi. Juu ya kijiji, ukipanda kidogo, kuna kidimbwi cha maji ndani ya kivuli. Januari niliwahi kutia mkono humo nikautoa haraka. Siku ile tuliketi na miguu ndani, tukala mikate na jibini, na mimi kwa upande wangu ningeweza kulala hapo hadi alasiri.

Ami hakuketi. Alikuwa akitazama juu, kule ambako mbingu ilikuwa ya buluu isipokuwa kijiwingu kimoja cheupe kilichokaa mgongoni mwa mlima.

"Vaeni viatu."

"Ami, hata saa nne haijafika."

"Vaeni, mwanangu."

Njiani ndipo alipotueleza, akihema. Mvua ya baridi hapa hutoka mbali. Unaiona ikija, mbingu inakuwa kijivu siku mbili, na ikinyesha hunyesha kwa adabu. Ya kiangazi haiji kutoka popote, inatengenezwa papa hapa. Hewa yenye unyevu wa bahari inapanda mlima, jua linaichemsha, mawingu yanasimama wima, na mchana yanamwagwa yote mahali pamoja. Mlima huu unaweza kulowa na ule wa pili ukabaki na vumbi lake. Na wadi, ule mto mkavu ambao watu wanaegesha magari na kufanya pikiniki ndani yake, unaweza kushuka maji ya mvua ambayo wewe hukuiona hata tone.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Ilipokaribia adhuhuri kijiwingu kile kilikuwa kimeshazima jua, na tulikuwa tumebakisha robo ya njia ngurumo ya kwanza ilipopiga. Korongo liliirudisha mara tatu nne, kila ukuta kwa zamu yake. Kisha matone, makubwa, ya baridi, yakiacha madoa meusi kwenye mwamba uliokuwa wa moto. Harufu yake siwezi kuieleza, nasema tu kwamba binamu yangu alisimama kuivuta na Ami akamgusa bakora mgongoni asonge. Tulipogeuka nyuma, ukuta wa pili wa korongo, ambao misimu yote niliyopita hapo ulikuwa umekauka kau, ulikuwa unamwaga maporomoko. Meupe mwanzoni. Baadaye rangi ya chai ya maziwa.

Garini tulifika tumelowa chapachapa. Ami akapiga dua, akawasha Land Cruiser, tukashuka mlima taratibu. Chini, pale barabara inapokata wadi, ndipo tulipokwama.

Nilikuwa nimevuka pale mara nyingi bila hata kupunguza mwendo. Sasa palikuwa na mto wenye upana wa kiwanja cha mpira, maji mazito kama uji yakibeba matawi, mapipa, nusu ya mtende. Vile vigingi vya rangi vya kuonyesha kina vilikuwa vimebakiza vichwa. Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka. Kilichonitisha zaidi ni mlio: ukinyamaza ulisikia mawe yakigongana chini ya maji, dugu, dugu, dugu, na ardhi ikitetema hadi nyayoni. Kijana mmoja alitaka kupita na pikapu yake. Wazee watatu wakaenda wakasimama mbele ya boneti, hawakusema kitu. Kuvuka wadi kwa makusudi ni kosa kisheria Oman, na pamoja na hayo kila mwaka watu wanachukuliwa. Kijana akazima gari.

Foleni ikarefuka pande zote mbili. Kahawa ikatoka, tende zikatoka, kama unavyojua Waomani. Ndipo nikasikia kutoka gari la nyuma yetu, "Wee! Rudi ndani, utakuja kuchukuliwa na maji bure!" Kiswahili, tena cha Pemba.

Ami aligeuka kama aliyeitwa jina. "Bibi, kwenu wapi?"

"Wete. Na nyie?"

"Sie wa mjini."

"Enhe, ndiyo maana mmelowa."

Basi. Kuanzia hapo wadi ikasahaulika. Bibi yule alikuwa na kontena la mkate wa kumimina na chupa ya chai ya maziwa, na ndani ya nusu saa walikuwa wameshachambua koo zote za Unguja na Pemba, nani kamuoa nani, nani alirudi, nani amezikwa wapi. Ikadhihirika kwamba anamjua Mama Mkubwa, walikutana harusini Muscat. Akatoa simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, lakini alirekodi ujumbe mrefu, akauinua mkono kuelekea mtoni ili maji nayo yasikike, akautuma.

Maji yalipungua taratibu baada ya magharibi. Lori la maji likavuka kwanza, watu wakilisoma magurudumu yake, kisha sisi mmojammoja. Nizwa tuliingia isha imeshaswaliwa. Mama Mkubwa alikuwa mlangoni, na hakutuuliza habari za safari. Ujumbe wa Bibi wa Wete ulikuwa umeshamfikia na ameusikiliza wote. Mafuriko, alisema, angeweza kuyasamehe, hayo ni ya Mungu. Alichotaka aelezwe ni kwa nini nyuma ya mlio wa maji alimsikia mumewe akicheka na mdomo umejaa mkate.