Siku moja na kompaila isiyonyamaza

Saa 2 asubuhi. Chai ya rangi, chapati moja, najenga kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) kwa bodi yenye chipu ya ARM ya biti 32, kwa kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Jana kwenye kompyuta yangu ya biti 64 ilipita kimya. Leo maonyo 17, yote ya -Wformat, yaani alama ya kuchapisha (kama %d ya namba) hailingani na aina ya data iliyopewa. La kwanza nalijua hata kabla ya kulisoma: kuna mtu (mimi, mwezi uliopita) kaandika %lu (alama ya unsigned long, aina mojawapo ya namba) penye size_t (aina ya kushikia ukubwa wa vitu). Kwenye biti 64 hiyo size_t ni unsigned long, mambo shwari. Huku ni unsigned int. Dawa ni %zu, inakubali pote.

Saa 4. Dogo tunayefanya naye kazi kayamaliza maonyo ya msimbo wake upesi mno. Kumbe katia (int), inayolazimisha namba iwe ya biti 32, mbele ya kila u64 (namba ya biti 64). “Kaka, si yameisha?” Yameisha maonyo tu, hesabu ya baiti ikipita 2,147,483,647 logi (ujumbe wa kerneli) itaanza kutoa namba hasi. Nimemrudisha akaweke %llu, alama ya u64.

Saa 6. phys_addr_t, aina ya kushikia anwani halisi za kumbukumbu. Upana wake hutegemea usanidi wa kerneli, ndiyo maana ina %pa yake, inayotaka upeleke anwani ya kigeu badala ya thamani. Nimesahau & (alama ya kutoa anwani hiyo) mara mbili.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8 mchana. Draiva yetu (msimbo unaoendesha kifaa) ina funksheni ndogo ya logi inayopokea fomati na kuikabidhi kwa vprintk, funksheni ya kerneli ya kuchapisha. Hakuna aliyeiwekea __printf(1, 2), alama inayoiambia kompaila ikague fomati, kwa hiyo haikujua kwamba ni ndugu wa printk (funksheni ya kawaida ya kuchapisha), haikukagua chochote. Nimeiweka. Maonyo mapya 23! Dogo ananiangalia kama nimevunja sahani za watu.

Saa 9 na nusu. Nimelipata moja lililonifanya nisimame: “%d %s” (namba, kisha maandishi), na kinachotangulia kupelekwa ni u64. Kwenye bodi hii %d inasoma rejista (kisanduku cha data ndani ya chipu) isiyohusika, kisha %s inaokota nusu ya namba ile na kuifuata kana kwamba ni anwani ya maandishi. Mstari huo huchapwa diski ikikosea kusoma tu. Wiki mbili bodi imekuwa ikianguka papo hapo, nasi tunalaumu umeme, tunabadilisha kebo.

Saa 12 jioni. Viraka (mabadiliko ya msimbo) vimepangwa: marekebisho kwanza, __printf mwisho, anayejenga na CONFIG_WERROR (inayogeuza kila onyo kuwa kosa linalozuia ujenzi) asikwame katikati. Bodi imekosea kusoma diski mara tatu na bado iko hai. Kebo mpya iko mezani, na risiti yake.