Tegu ndani ya uti wa mgongo: nilivyorudi kutembea

Siku kandambili iliponichomoka mguu wa kushoto, nami nikaendelea kutembea hatua kadhaa bila kuhisi chochote, niliacha kusingizia uchovu kuhusu maumivu yangu ya kiuno. Kipimo cha MRI kilionyesha vifuko viwili vya mabuu ya tegu wa nguruwe, vikiwa vimeubana uti wa mgongo.

Niliudhika mno kuambiwa na kila mtu, "Acha kula nguruwe," ilhali sijawahi kumwonja. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa utumboni. Mabuu haya hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu, kupitia mikono, maji au chakula. Nyumbani tulipopimwa choo sote, mmoja wetu alikutwa na tegu bila dalili yoyote, akatibiwa.

Ushauri mbaya kuliko wote ulinifikia nikisubiri kulazwa: kwamba minyoo ni minyoo, ninunue albendazoli nimeze mwenyewe. Nikameza. Siku ya tatu miguu ilikuwa mizito kama magogo, na usiku nilikaa chooni karibu saa nzima nikiwa na kibofu kilichojaa, haja ndogo isitoke hata tone. Daktari alinieleza kwamba buu linapokufa huamsha uvimbe, na ndani ya mfereji wa uti wa mgongo uvimbe hauna pa kwenda. Kwa hiyo nilianzishiwa steroidi kwanza, yaani dawa za kutuliza uvimbe, nikakaguliwa macho, maana buu likifia jichoni laweza kupofusha, kisha nikapasuliwa na kifuko kikubwa kikatolewa.

Baada ya hapo nilirudia albendazoli ileile, safari hii chini ya uangalizi: miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa kilo zangu 53, huku damu na ini vikipimwa. Muuguzi alinifundisha kuimeza pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa tumboni pakiwa patupu mwili huifyonza kidogo sana. Sikuruka mlo hata mmoja.

Gharama sikuzihesabu, ila MRI zilimeza sehemu kubwa. Kibofu kilipona kabla ya miguu. Mazoezi ya viungo yalichukua miezi, na leo natembea bila mkongojo, ingawa kisigino cha kushoto bado kina ganzi, nami hukikagua kila jioni nisije nikawa nimejikata bila kujua.