Dola 30 kwa katriji 10 za karatasi, na kwetu karanga zinafungwa bure

Dola 30 kwa pakiti ya katriji 10 za gobore! Ndugu zangu wa Moshi, geuzeni hiyo iwe shilingi, kisha mwulize bei ya mkungu wa ndizi pale Mbuyuni. Ndani mna karatasi, baruti nyeusi na kidonge cha risasi, basi. Mama anayefunga karanga stendi ana mikono ya kazi hii tayari.

Gobore lenyewe ni Springfield ya 1861, bunduki ya jeshi la Marekani inayopakiwa kwa mdomoni, tundu la mtutu lina kipenyo cha inchi 0.58, na huku Marekani wapo wengi wanaolenga shabaha nalo. Zamani pakiti ya askari ilikuwa na katriji 10 pamoja na fataki 12, vile vikofia vya kuwashia baruti, kwa kuwa fataki hudondoka.

Karatasi ya fotokopi haifai, ni ngumu na haichaniki vizuri kwa meno. Chukua ya gazeti isiyochapishwa. Izungushe kwenye kijiti cha milimita 14, kunja kitako kama cha karanga, mimina baruti greni 60, yaani gramu 3.9. Kidonge kinakaa nje ya mrija huo, na karatasi ya pili inavifunga vyote pamoja.

Wengi wanaharibu kwenye kidonge. Risasi iwe laini, isiyochanganywa na madini mengine, maana kitako chake chenye shimo lazima kitanuke kwa msukumo wa gesi ya baruti na kushika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Ikiwa ngumu, haitanuki na shabaha inapotea. Kipenyo cha kidonge kipungue kidogo tu kuliko cha tundu la mtutu, milimita 0.03 hadi 0.05. Kipake nta ya nyuki yenye mafuta kidogo ya ng'ombe. Bila hayo masizi yanaganda, na baada ya milio michache kidonge hakishuki tena. Mafuta ya katriji, kwa uvumi kuwa ni ya ng'ombe na nguruwe ambayo dini za askari ziliyakataza, yalichangia kuchochea maasi ya India mwaka 1857.

Mnaotaka kuja huku, sikieni: sheria ya Marekani haihesabu gobore la kale kuwa silaha kama nyingine, lakini majimbo yanatofautiana. Mwenye viza aulize kwanza. Na msithubutu kutuma baruti nyumbani kwa ndege, wala gobore bila leseni. Tanzania ina sheria yake ya silaha ya 2015.

Wakati wa kupakia, chana, mimina baruti yote, toa kidonge kwenye karatasi, kisukume kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka kikae juu ya baruti kabisa. Pakibaki nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Tia alama kwenye mdeki, ujue kina kinachotakiwa. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, usiiweke kamwe. Baada ya mlio subiri kidogo, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu, kwani cheche iliyobaki inawasha baruti mpya mkononi mwako. Jioni hiyohiyo osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, upake mafuta. Ukiulaza mchafu usiku mmoja, asubuhi una kutu.