Nilivyopima maji yanavyozama kwenye shamba letu la kisiki hai, Chamwino

Baba mdogo hakuwa na ubishi kuhusu miti yenyewe. Mteremko wetu wa udongo mwekundu wenye kichanga ulikuwa umebaki visiki vya migunga na milama. Tukavipogoa, tukaacha machipukizi machache yenye nguvu, tukawazuia mbuzi (njia hii ndiyo tunaiita kisiki hai), na sasa miti imenipita urefu. Swali lake lilikuwa la maji: "Haya mwanangu, miti imekua. Mvua inazama zaidi, au miti inainywa yote?"

Ni swali la haki. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na nyingi huja kwa kishindo. Maji yasipozama saa ile ile, yanaishia korongoni.

Nilipima kwa makopo mawili ya rangi, kubwa na dogo, yaliyokatwa kitako. Unayapigilia ardhini, dogo likiwa ndani ya kubwa, huku umeweka ubao juu ili nyundo isiyapinde. Yote mawili yanajazwa maji: yale ya nje yanazuia ya ndani yasikimbilie pembeni, hivyo rula ya kopo la ndani inasoma maji yanayokwenda chini. Usiamini vipimo vya mwanzo, maana udongo mkavu hunywa kwa pupa. Endelea kujaza mpaka muda wa kushuka sentimita moja usibadilike tena, ndipo uandike.

Nilichagua sehemu tatu za mteremko mmoja: uwanda wanapopita ng'ombe, shamba la kisiki hai, na msitu wa akiba wa kijiji, ambao uongozi uliniruhusu kuingia. Nilitamani sana vichaka vya Kondoa, ambako mifugo iliondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma). Lakini udongo ukiwa tofauti, utajuaje kama unalinganisha umri wa miti au mchanga?

Uwandani maji yalisimama tu. Matone ya mvua yakipiga ardhi iliyo wazi huvunja vibonge vya udongo, chembe laini zikaziba vitundu, jua likaukausha ukoko. Kwenye kisiki hai maji yalizama vizuri chini ya kivuli, ila hatua chache nje ya kivuli hali ilikuwa karibu ile ile ya uwandani. Miti michanga hufungua ardhi kwa madoa, na nadhani wengi wetu tunaotazama shamba kwa mbali, likiwa la kijani, hatulioni hilo.

Msituni mwanzo ulinishangaza: maji yalikaa juu ya mboji kwa matone, hayaingii. Mboji iliyokauka kiangazi kizima huyakataa maji kwa muda. Ilipolowa, kopo likawa linaisha maji kabla sijarudi na ndoo.

Nikataka kuona yanakopita. Nilimwaga maji yenye rangi ya bluu ya chakula, ile ya keki, na kesho yake nikachimba shimo pembeni na kuusafisha ukuta wake. Uwandani bluu ilibaki utepe mwembamba juu. Msituni ilishuka kwa mistari, mingine kupita urefu wa mkono wangu, ikifuata njia za mchwa na mizizi ya zamani iliyooza ndani, gome lake likibaki kama bomba. Kati ya mistari udongo ulikuwa mkavu kabisa! Mti mchanga una mizizi hai inayoijaza nafasi yake. Lazima miaka ipite, mizizi ife, ioze, wadudu waingie, ndipo maji yapate njia. Njia hizo hazipandwi.

Na kunywa? Miti inakunywa, tena sana. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika nchi kavu maji yanayofika chini huwa mengi zaidi miti ikiwa ya wastani kuliko ikiwa haipo au imesongamana. Sisemi shamba letu linajaza visima vya Makutupora vinavyonywesha jiji la Dodoma. Kule kumbukumbu zilizoanza miaka ya 1950 zinaonyesha kina cha maji hupanda hasa katika misimu ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ya El Niño ya 1997/98. Ninachosema ni kwamba mvua ya namna hiyo ikishuka kwetu, nataka ikute ardhi ina milango.

Nilimshusha baba mdogo shimoni akaifuata mistari kwa kidole. "Basi haya majani asiyachome mtu," akasema.

Kiangazi hiki tumepunguza machipukizi yaliyosongamana. Matawi tunayalaza kwenye madoa ya wazi, yakiukingama mteremko, mchwa wayafuate. Mbuzi tunawakatia majani na kuwapelekea zizini. Kwenye madoa hayo nimepigilia vigingi ili makopo yarudi pale pale nitakapopima tena kabla ya mvua za Desemba.